Forodha na Fedha za Pwani

Pepo mbili

Pwani ya Afrika ya Mashariki ina pepo mbili kuu, na tangu zamani pepo hizo ndizo zilizoamuru biashara ya nchi. Wa kwanza ni kaskazi, uvumao kutoka kaskazini na mashariki tangu mwezi wa Desemba hata Machi. Wa pili ni kusi, uvumao kutoka kusini tangu Aprili hata Septemba. Kabla ya kuja meli za moshi, chombo cha matanga hakikuweza kushindana na upepo, kilikwenda nao. Basi wakati wa kaskazi majahazi ya Arabuni, ya Uajemi na ya Bara Hindi yalishuka mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Kusi ilipoanza, yaligeuza omo yakarudi kwao. Katikati ya kusi bahari huchafuka sana, kwa hiyo manahodha wenye akili waliondoka mapema, au walingoja mpaka mwezi wa Agosti na Septemba, upepo upunguapo nguvu zake.

Vyombo hivyo vilileta tende, chumvi, papa mkavu, samli, mazulia na nguo. Viliporudi vilichukua pembe za ndovu, karafuu za Unguja na Pemba, nazi, sandarusi, na boriti za mikoko kutoka Lamu na midomo ya mto Rufiji, maana katika nchi za Arabuni miti ya kujengea ni adimu. Baadaye zilikuja pia merikebu za mataifa ya magharibi. Merikebu za Wamarekani, nyingi zikitoka mji wa Salem, zilileta nguo ya pamba isiyotiwa rangi. Nguo ile ilipendwa sana, ikaenda na misafara hata bara ya mbali, na watu wakaiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka.

Lakini bidhaa haishuki pwani bure, wala haipandi chomboni bure. Kabla haijatoka bandarini, maswali mawili hayana budi kujibiwa. La kwanza ni hili: je, bidhaa hii italipiwa ushuru kiasi gani, na ushuru huo ni wa nani? La pili ni hili: je, malipo yatakuwa kwa fedha gani, na fedha hiyo ina thamani gani leo? Watu wengi huona maswali haya kuwa ni mambo ya matajiri na makarani tu. Habari za pwani yetu zaonyesha kwamba sivyo. Majibu ya maswali haya yamemfikia hata mchukuzi wa mizigo na mkulima wa bara asiyepata kuona bahari.

Kazi ya forodha

Forodha ni nyumba iliyo karibu na maji, mahali bidhaa zinapopakuliwa, kupimwa na kutozwa ushuru. Katika mji wa Unguja mahali pale huitwa Forodhani mpaka leo, ingawa forodha ya kale haipo tena. Zamani chombo kilipotia nanga, nahodha alishuka akatoa habari ya shehena yake. Kisha mahamali waliingia majini wakabeba mizigo vichwani na mabegani, au wawili wawili kwa mti. Kila mzigo ulipitia kwenye mizani. Pembe, karafuu na sandarusi zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ilikuwa kama ratili 35. Nafaka zilipimwa kwa pishi na vibaba, vibaba 4 katika kila pishi. Karani aliandika hesabu, na ushuru ukakatwa kwa kadiri ya thamani ya mali.

Neno ushuru latoka katika lugha ya Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi. Lakini si kila ushuru ulikuwa sehemu ya kumi. Mwaka wa 1833 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, alifanya mapatano na Wamarekani. Katika mapatano hayo ilikubaliwa kwamba mfanya biashara wa Kimarekani atalipa 5 katika kila 100 ya thamani ya bidhaa atakazoshusha, wala hatatozwa malipo mengine. Waingereza walifanya mapatano yao mwaka wa 1839, na Wafaransa mwaka wa 1844. Seyyid Said alijua faida yake: bandari yenye ushuru mdogo na masharti yanayojulikana huvuta vyombo vingi. Lakini mapatano yalikuwa na kifungo pia. Mtawala aliyekwisha kutia sahihi hakuweza tena kuongeza ushuru wa wageni kwa mapenzi yake mwenyewe, hata haja ilipomjia.

Kwa hiyo mzigo mkubwa wa ushuru uliangukia bidhaa za nchi. Pembe zilizotoka bara zilitozwa viwango mbalimbali, kwa kadiri ya mahali zilipotoka. Katika mapatano ya Waingereza ya mwaka wa 1839 ilikubaliwa kwamba biashara ya pembe na sandarusi katika pwani ya Mrima, toka Mtangata karibu na Tanga hata Kilwa, itakuwa mkononi mwa Seyyid mwenyewe. Mgeni aliyetaka bidhaa hizo alilazimika kuzifuata Unguja, na hapo zilikuwa zimekwisha kupita forodhani.

Seyyid Said hakukusanya ushuru kwa mikono ya watumishi wake. Aliikodisha forodha. Maana yake, tajiri mmoja aliahidi kumpa mtawala fedha kamili kila mwaka, kisha tajiri huyo akakusanya ushuru wote kwa ajili yake mwenyewe. Ili jambo hili lieleweke, na tuseme kwamba kodi ya forodha ni reale 100,000 kwa mwaka. Tajiri akikusanya reale 130,000, hizo 30,000 zilizozidi ni faida yake. Akikusanya 90,000, hasara ya 10,000 ni yake pia. Mtawala hupata fedha zake bila taabu, lakini hajui forodha yake huzaa kiasi gani hasa. Anayejua ni yule mwenye daftari.

Tangu miaka ya 1830 daftari hilo lilikuwa kwa muda mrefu katika nyumba ya Jairam Shivji, wafanya biashara wa Kihindi kutoka nchi ya Kachi. Mwaka wa 1876 forodha ilipokewa na Tharia Topan, naye pia mtu wa kutoka Kachi. Watu hao walikuwa zaidi ya watoza ushuru. Waliwakopesha fedha Waarabu wenye mashamba, wakawakopesha wenye misafara, na watawala wenyewe pia walikuwa na deni kwao. Ndivyo daftari la forodha lilivyokuwa na nguvu kama upanga, na pengine kuupita.

Kuna habari nyingine ya forodha ile ambayo ni chungu, lakini haifai kufichwa. Katika bidhaa zilizohesabiwa pale walikuwamo wanadamu. Watumwa walioletwa kutoka Kilwa na bandari nyingine walitozwa ushuru kwa kichwa, kama vile frasila ya pembe ilivyotozwa. Mtoto aliyenyakuliwa katika kijiji cha bara aliandikwa katika hesabu kama mzigo. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash bin Said alitia sahihi mapatano ya kukataza kuwachukua watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Mahali pa soko la watumwa Mkunazini, katika mji wa Unguja, palijengwa kanisa kuu, nalo lasimama hata leo. Lakini utumwa wenyewe ulikuwa haujakwisha: katika Unguja na Pemba sheria ya kuuondoa ilitolewa mwaka wa 1897.

Reale, pesa na wavunja fedha

Sasa na tulitazame swali la pili, yaani fedha. Neno fedha lenyewe ni jina la madini meupe ambayo watu walifanyia sarafu. Hapo kale pwani haikuwa na sarafu moja ya nchi. Sarafu za mataifa mengi zilipita mikononi, na kila moja ilipokewa kwa kadiri ya uzito wake na usafi wa madini yake.

Iliyosifiwa kuliko zote ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka wa 1780, na mwaka huo ndio ulioandikwa juu ya sarafu yake. Lakini hata baada ya miaka mingi reale hizo ziliendelea kupigwa chapa kwa sura ile ile na mwaka ule ule wa 1780, kwa sababu wafanya biashara wa Arabuni na Uhabeshi walikataa sarafu yenye sura nyingine. Ilikuwa sarafu nene, yenye uzito wa karibu gramu 28, na katika kila sehemu 6 za uzito huo, 5 zilikuwa fedha safi. Watu wa Unguja waliiita reale ya Sham. Palikuwa pia na reale ya Wahispania yenye picha ya nguzo mbili. Watu waliziona nguzo zile kama mizinga, wakaiita reale ya mzinga.

Reale ilifaa kununulia pembe, lakini haikufaa kununulia ndizi. Kwa manunuzi madogo palihitajiwa sarafu ndogo, nazo zilikuwa pesa za shaba zilizoletwa kutoka Bara Hindi wakati wa Seyyid Said. Kwa hesabu ya Kihindi, pesa 4 zilikuwa anna moja, na anna 16 zilikuwa rupia moja. Basi rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka wa 1299 wa Hijra, yaani 1881 na 1882 kwa hesabu ya Kikristo, Seyyid Barghash alitoa pesa zake mwenyewe, na juu yake palichorwa picha ya mizani. Kampuni ya Waingereza iliyopewa Mombasa nayo ilitoa pesa mwaka wa 1888 zenye picha ya mizani. Picha hiyo yafaa sana kwa sarafu, maana mizani ni alama ya haki.

Walakini sokoni haki haikupatikana kwa picha tu. Reale ilikuwa fedha, na pesa ilikuwa shaba, na bei ya moja kwa nyingine haikusimama mahali pamoja. Pesa zilipoletwa nyingi, reale moja ilipata pesa nyingi. Zilipoadimika, ilipata chache. Katikati ya bei hizo mbili aliketi mvunja fedha. Mbele yake aliweka mizani midogo na mafungu ya pesa. Alipopewa reale aliigonga apate kusikia mlio wake, maana fedha safi hulia kwa sauti nyembamba na ndefu, na risasi hulia kama jiwe. Kisha aliipima, asije akapewa iliyokwanguliwa kando. Mwisho aliivunja, akabakiza sehemu ndogo kuwa ujira wake.

Kazi hiyo ilikuwa ya halali na yenye manufaa. Bila yake baharia wa Maskati asingeweza kununua muhogo Mombasa. Lakini na tuangalie hesabu. Tuseme hamali amepata rupia moja, na mvunja fedha ampa pesa 62 badala ya 64. Pesa 2 si kitu kwa mtu mmoja siku moja. Hamali akivunja rupia 8 kila mwezi, amepoteza pesa 16 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima amepoteza pesa 192, yaani rupia 3 kamili. Tajiri aliyelipwa kwa hawala, yaani kwa barua ya kumwamuru mtu wa mji mwingine atoe fedha, hakupita kwa mvunja fedha mara nyingi. Maskini ndiye aliyepita kila wiki.

Forodha yageuka mikono

Mataifa ya Ulaya yalipoanza kugawana Afrika, jambo moja waliloliomba mapema kwa Sultani wa Unguja lilikuwa forodha za pwani. Walifahamu kwamba mwenye kushika forodha ameshika mlango wa nchi. Mwaka wa 1887 Seyyid Barghash aliwapa Waingereza ruhusa ya kutawala pwani ya Mombasa na kukusanya ushuru wake kwa jina lake. Mwezi wa Aprili 1888 ndugu yake, Seyyid Khalifa, aliwapa Wadachi wa kampuni yao ruhusa kama hiyo katika pwani ya Mrima.

Mwezi wa Agosti mwaka ule Wadachi walipokwenda kushika forodha na kupandisha bendera yao, watu wa pwani walikataa. Vita vilianza Pangani, vikaenea katika bandari nyingine. Mkuu wao alikuwa Abushiri bin Salim, na Saadani alisimama Bwana Heri. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi, lakini ushuru na forodha zilikuwa katikati yake. Wakuu wa miji walikuwa wakiishi kwa mapato ya bandari, na wafanya biashara waliona kwamba mgeni mwenye bunduki sasa ndiye atakayepima mizigo yao. Serikali ya Udachi ilileta askari, na mwezi wa Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Mwaka wa 1890 Udachi ulimlipa Sultani mark milioni 4, na pwani ya Mrima ikatoka katika milki yake kabisa. Mwaka huo huo Unguja yenyewe ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Rupia, hela na senti

Watawala wapya walitaka kodi, na kodi ilitakiwa kulipwa kwa sarafu zao. Wadachi walitoa rupia zao wenyewe, na kwanza walizigawa kwa pesa 64 kama desturi ya pwani. Mwaka wa 1904 waliacha hesabu hiyo, wakaigawa rupia kwa hela 100. Rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za kwao.

Upande wa Waingereza, rupia ya Bara Hindi ndiyo iliyotumika. Watu na bidhaa za Bara Hindi walikuwa wamezoeana na pwani hii siku nyingi, na wajenzi wa reli iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 wengi wao walitoka huko. Mwaka wa 1905 serikali ilikaza sheria ya kwamba rupia 15 ni sawa na paundi moja ya Kiingereza. Paundi moja ina shilingi 20, kwa hiyo rupia moja ilikuwa shilingi moja na theluthi. Pesa za shaba ziliondolewa kidogo kidogo, zikaja senti, 100 katika kila rupia. Senti nyingine zilikuwa na tundu katikati, watu wakazitunga katika kamba wasizipoteze njiani.

Kisha vikaja vita vikuu vya mwaka 1914 mpaka 1918. Katika nchi ya Wadachi meli hazikuweza kuingia, kwa hiyo sarafu zilikosekana. Serikali yao ilichapa noti za karatasi ndani ya nchi. Mwaka wa 1916, katika karakana ya reli Tabora, walipiga hela za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Dhahabu ile ilibaki kuwa dhahabu hata baada ya vita. Lakini zile noti zilikuwa ahadi ya serikali tu, na serikali hiyo iliposhindwa, ahadi ilianguka pamoja nayo. Mtu aliyeuza ng'ombe akapewa noti, akaziweka mpaka amani irudi, alibaki na karatasi.

Mwaka wa 1920 na 1921

Huko upande wa Waingereza jambo jingine lilitokea. Wakati wa vita bei ya madini ya fedha ilipanda sana duniani. Rupia ilikuwa sarafu ya fedha, nayo ikapanda pamoja na madini yake, hata thamani yake ikapita shilingi 2. Mwaka wa 1920 serikali iliamua kwamba katika Afrika ya Mashariki rupia moja itakuwa sawa na shilingi 2 kamili. Palitolewa sarafu mpya iliyoitwa florini, sawa na rupia moja, lakini haikukaa. Mwaka wa 1921 ilianza kutolewa shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye picha ya simba, na shilingi 20 zikawa sawa na paundi moja.

Na tutazame maana ya badiliko hilo. Mtu aliyekuwa na deni la rupia 1,500 zamani alidaiwa paundi 100. Kwa hesabu mpya deni lilikuwa shilingi 3,000, yaani paundi 150. Hakukopa zaidi hata senti moja, lakini deni lake limeongezeka nusu nzima. Masetla wa Kenya waliokopa katika mabanki walilalamika sana.

Kisha bei ya madini ya fedha ilianguka. Katika Bara Hindi rupia ilirudi kwenye thamani yake ya kale, karibu shilingi moja na theluthi, lakini Mombasa sheria iliithamini shilingi 2. Mtu mwenye akili ya hesabu aliona njia mara moja. Rupia 1,000 zilizonunuliwa Bombay kwa shilingi 1,333 zilipata shilingi 2,000 Mombasa. Faida ilikuwa shilingi 667, bila kuuza nguo wala tende! Rupia zikawa zenyewe bidhaa, na zikaja kwa magendo. Forodha iliyozoea kutafuta nguo na pembe ikawa inatafuta fedha ndani ya mizigo. Mwisho serikali ilitangaza mwaka wa 1921 kwamba rupia si fedha halali tena Kenya, ikazipokea kwa muda tu. Mwenye duka mjini alisoma tangazo akaenda benki. Lakini mtu wa mbali aliyefukia rupia zake chini ya nyumba, kama habari ilimfikia muda umepita, alichimbua sarafu asiyoweza kulipia kodi.

Mwaka huo huo waajiri wa Kenya waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi. Walisema kwamba shilingi imekuwa ghali kwao, na mazao yao hayana bei. Hesabu ya mfanya kazi ilikuwaje? Tuseme zamani alipata rupia 6 kwa mwezi, na kodi ya nyumba yake ilikuwa rupia 5 kwa mwaka. Basi kazi ya mwezi mmoja ililipa kodi, na rupia moja ilibaki. Sasa rupia 6 zimekuwa shilingi 12. Punguza theluthi, mshahara ni shilingi 8. Kodi nayo ilikuwa imepandishwa mpaka rupia 8, yaani shilingi 16. Basi mtu yule yule, mwenye nyumba ile ile, alilazimika kufanya kazi miezi 2 kamili kulipa kodi ile iliyomgharimu zamani chini ya mwezi mmoja.

Watu walioweza kusoma walifanya hesabu hiyo, wakawaeleza wenzao. Mjini Nairobi, Harry Thuku, aliyekuwa mfanya kazi wa simu katika ofisi ya serikali, aliongoza chama cha vijana mwaka wa 1921 kupinga kupunguzwa kwa mishahara, kodi na kipande. Mwezi wa Machi 1922 alikamatwa, na watu waliokusanyika kudai afunguliwe walipigwa risasi, wengine wakafa. Thuku alipelekwa uhamishoni. Lakini mwaka huo huo wa 1922 kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hata shilingi 12. Mkutano ule ulianza na hesabu ya kutoa na kugawanya, hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya.

Fedha moja, kisha fedha nyingi

Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja. Unguja na Pemba ziliendelea na rupia mpaka mwisho wa mwaka 1935. Miaka ile yote, msafiri aliyetoka Mombasa kwenda Unguja, safari ya usiku mmoja tu kwa meli, alilazimika kuvunja fedha zake. Tangu Januari 1936 shilingi ilitumika Unguja pia, na rupia 2 zilibadiliwa kwa shilingi 3. Tena mwangalie: rupia ile ile iliyobadiliwa Kenya kwa shilingi 2, Unguja ilibadiliwa kwa shilingi moja na nusu. Sarafu haibebi thamani yake yote ndani yake. Sehemu yake ni madini, na sehemu yake ni sheria ya nchi na wakati. Shilingi hiyo ya pamoja ilidumu mpaka mwaka wa 1966, ndipo Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanza kutoa kila moja shilingi yake.

Fedha hizo za kale zimeondoka, lakini majina yake yamebaki vinywani. Mtu asemapo pesa ataja shaba ya Bara Hindi. Asemapo hela ataja sarafu ya Wadachi. Na kwa nini senti 50 huitwa thumuni, na hali thumuni maana yake ni sehemu ya nane? Kwa hesabu ya desturi reale ilikuwa rupia 2, na rupia ilipofanywa shilingi 2, reale ikawa shilingi 4. Sehemu ya nane ya shilingi 4 ni senti 50. Reale imekwisha kutoka sokoni, lakini thumuni yake imekaa.

Siku hizi mizigo ya Kilindini na Dar es Salaam hupakuliwa kwa mashine kubwa, na ushuru huhesabiwa kwa kompyuta. Hata hivyo maswali ya kale yangali pale pale: ushuru kiasi gani, nao ni wa nani, fedha gani, nayo ina thamani gani leo? Anayeweza kuyajibu hutazama mizani kabla ya kutoa mkono. Asiyeweza huamini picha ya mizani iliyo juu ya sarafu. Wazee wa pwani waliokaa karibu na forodha walisema neno la kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.